Takwimu za Wachezaji Katika Mechi za Kimataifa za Mpira wa Vikapu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mechi nyingi za timu ya taifa hatuzioni. Zikichezwa Kigali au Yaoundé, shabiki aliye Kisumu, Kakamega au Nakuru hupokea matokeo kwenye WhatsApp, kisha picha ya jedwali lenye safu za tarakimu na herufi mbilimbili. Hapo ndipo mabishano huanza. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudiwa zaidi na mashabiki, wachezaji wa shule za upili na makocha wa mitaani. Majibu yanafuata kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa vikapu duniani, kwa sababu ndizo zinazotawala mechi za mataifa. Pale NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, inapofanya tofauti, tumesema.

## Mambo ya msingi

1. Karatasi ya takwimu ni nini, na nani huijaza?

Ni rekodi ya kile ambacho kila mchezaji alifanya na mpira: alitupa mara ngapi, akafunga mara ngapi, alidaka mipira mingapi iliyokosa kuingia (hizo ndizo ribaundi), alipoteza mingapi. Kwenye mashindano makubwa huingizwa kwenye kompyuta papo hapo. Kwa kawaida mtu mmoja anatazama uwanja na kutamka ("nambari 7, tatu, amekosa; ribaundi nambari 12"), na mwingine anabonyeza bila kuinua macho.

Usiichanganye na karatasi rasmi ya mechi inayoandikwa kwenye meza ya maafisa. Ile ina pointi, faulo na mapumziko ya timu, na mwamuzi mkuu huitia sahihi mechi ikiisha. Hiyo ndiyo inayoamua nani ameshinda. Takwimu hazibadilishi matokeo hata kidogo: ukigundua kwamba ribaundi ya mtu fulani haikuandikwa, umegundua tu kwamba ribaundi haikuandikwa.

2. Zile herufi zinamaanisha nini?

MIN ni dakika na sekunde alizocheza. FG ni mitupo yote ya uwanjani, ikiandikwa iliyoingia kwanza kisha iliyojaribiwa, kwa hiyo 7/15 ni saba kati ya kumi na tano. 2P na 3P ni mgawanyo wa hiyo FG kwa mitupo ya pointi mbili na ya pointi tatu. FT ni mitupo huru, ile ya kusimama kwenye mstari baada ya faulo.

OR ni ribaundi za upande wa kushambulia, DR za upande wa kulinda, TOT jumla yake. AS ni asisti (pasi iliyozaa kikapu), TO mipira aliyopoteza, ST mipira aliyopora, BS mitupo aliyoizuia. PF ni faulo alizofanya, FD ni faulo alizofanyiwa. Kisha kuna +/- na EF (ufanisi), ambazo tumezitengea sehemu yake (maswali ya 14 hadi 16), na PTS, pointi zake zote. Nyota kando ya jina ina maana alianza mechi, na herufi C ni nahodha.

3. Nianze kusoma wapi?

Karibu kila mtu huanza na PTS, na ndiyo sababu tunabishana sana. Anza na MIN, kisha mitupo aliyojaribu, halafu ndipo uangalie pointi. Pointi 20 za mtu aliyetupa mara 12 si sawa na pointi 20 za mtu aliyetupa mara 25, na wote wawili watapewa kichwa cha habari kilekile.

Tuchukue mstari wa kubuni tuusome pamoja: MIN 31:20, FG 7/15, 2P 5/9, 3P 2/6, FT 4/5, OR 2, DR 4, AS 5, TO 3, ST 1, BS 0, PF 3, PTS 20. Vikapu vitano vya pointi mbili ni 10, viwili vya pointi tatu ni 6, mitupo huru minne ni 4. Jumla 20, hesabu imekubali. Huyu alicheza zaidi ya robo tatu za mechi, akatupa kwa kiasi, akakosa mitupo minane ya uwanjani na mmoja wa adhabu. Pasi zake tano ziliwafungisha wenzake, lakini mara tatu timu yake ilipoteza mpira mikononi mwake. Kazi nzuri, si ya ajabu. Mstari huu tutaurudia huko chini.

4. Kwa nini pointi za mechi za mataifa huonekana chache kuliko za NBA?

Mechi ya FIBA ni robo nne za dakika 10, jumla dakika 40. Ya NBA ni robo nne za dakika 12, jumla 48. Dakika nane si kidogo: anayefunga pointi 20 katika dakika 40, kwa kasi ileile angefika 24 katika dakika 48. Halafu kikosi cha taifa kina wachezaji 12 ambao wengi wao ni nyota kwenye klabu zao, kwa hiyo dakika hugawanywa.

Kuna pia mwendo wa mchezo. Ukitaka kujua timu ilipata nafasi ngapi za kushambulia, chukua mitupo iliyojaribiwa, ongeza mitupo huru ukizidisha kwa 0.44, toa ribaundi za kushambulia, ongeza mipira iliyopotezwa. Ni makadirio, lakini yatakuonyesha kama timu ilifunga pointi 60 kwa sababu ilitupa vibaya au kwa sababu mechi ilichezwa polepole.

## Kufunga

5. Nikijumlisha FG na 3P napata vikapu vingi kuliko vilivyofungwa. Kwa nini?

Kwa sababu umehesabu mitupo ya tatu mara mbili. 3P imo ndani ya FG. Jumlisha 2P na 3P, au tumia FG peke yake, lakini si vyote.

Mfano rahisi kuukumbuka ni fainali ya wanaume ya Olimpiki ya Paris, tarehe 10 Agosti 2024, ile iliyoanza saa nne na nusu usiku huku kwetu. Marekani iliifunga Ufaransa 98–87. Stephen Curry wa Marekani alifunga mitupo minane ya pointi tatu na akamaliza na pointi 24. Nane mara tatu ni ishirini na nne: hakuongeza hata pointi moja kwa njia nyingine. Siku mbili kabla, katika nusu fainali dhidi ya Serbia iliyoisha 95–91, alifunga mitupo tisa ya tatu na akapata pointi 36. Hapo 27 zilitoka mbali na tisa zikatoka kwingine.

6. Asilimia ipi ndiyo ya kuaminiwa?

FG% ya kawaida inamwonea mtupaji wa mbali, kwa kuwa kikapu cha tatu na cha mbili vinahesabiwa sawa. Dawa yake ni kuongeza nusu ya mitupo ya tatu iliyoingia juu ya FG kabla ya kugawanya. Mchezaji wetu wa swali la 3 ana 7/15, yaani asilimia 46.7. Ukiongeza nusu ya mitupo yake miwili ya tatu unapata 8 kwa 15, asilimia 53.3.

Ukitaka mitupo huru nayo iingie, gawanya pointi kwa mara mbili ya jumla hii: mitupo ya uwanjani pamoja na mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44. Kwa huyu ni 20 kwa 34.4, takriban asilimia 58. Mimi huangalia hii kuliko zote, kwa sababu inajibu swali ambalo kocha analo kichwani: tukimpa huyu mpira, tunarudi na nini?

7. Ncha ya kiatu ikigusa mstari wa pointi tatu inakuwaje?

Ni pointi mbili, na takwimu inaandikwa 2P. Mstari wenyewe ni sehemu ya eneo la pointi mbili. FIBA inauweka mita 6.75 kutoka kikapuni, kwa wanaume na wanawake sawa. Wa NBA uko mbali zaidi, mita 7.24 mbele ya kikapu.

Anayedhani hili ni jambo dogo akumbuke fainali ya wanawake ya Paris, tarehe 11 Agosti 2024. Ufaransa ilikuwa nyuma kwa pointi tatu, king'ora kikiwa karibu kulia. Gabby Williams akatupa, ukaingia. Mguu wake ulikuwa umekanyaga mstari. Badala ya sare na muda wa ziada ikawa 67–66, na Marekani wakachukua dhahabu. Kwenye karatasi ni kikapu kimoja tu kilichoandikwa safu ya 2P badala ya 3P.

8. Amefanyiwa faulo akitupa. Ule mtupo unahesabiwa?

Ukiingia, unahesabiwa kama uliojaribiwa na kuingia, na mtupo huru wa nyongeza unaandikwa kwenye FT. Usipoingia, hauandikwi kabisa kwenye FG. Ndiyo maana unaweza kumwona mchezaji ana FG 2/4 na FT 9/10: alipambana chini ya kikapu usiku kucha, na mitupo mingi aliyokosa ilifutwa na filimbi.

Mitupo huru ndiyo safu tunayoipuuza zaidi. Katika AfroBasket (mashindano ya mataifa ya Afrika) ya 2021 kule Kigali, Kenya iliaga mashindano kwa kufungwa na Sudan Kusini 60–58. Mechi ya tofauti ya pointi mbili, kabla hujamlaumu refa au kocha, soma FT za pande zote mbili.

9. Rekodi ya pointi nyingi kwa mechi moja ni ya nani?

Kwa Olimpiki ni Oscar Schmidt wa Brazil, pointi 55 dhidi ya Hispania mwaka 1988. Kwa Kombe la Dunia ni Hur Jae wa Korea Kusini, 62 dhidi ya Misri mwaka 1990.

Lakini ukiuliza ni mstari upi wa kustaajabisha zaidi, nitakutajia wa Carmelo Anthony mwaka 2012 jijini London, Marekani ilipoifunga Nigeria 156–73: pointi 37 katika dakika 14, akiwa na mitupo ya tatu 10 kwa 12. Kama ulianza kusoma kwenye MIN, mstari huo hutausahau.

## Ribaundi, asisti na mengine ya mikono

10. Ribaundi za wachezaji nikizijumlisha hazifiki jumla ya timu. Nani kaiba?

Hakuna aliyeiba. Kuna mstari wa timu, kwa kawaida chini ya majina ya wachezaji. Mtupo ukikosa na mpira ukatoka nje kabla ya mtu kuushika, ribaundi inapewa timu itakayorusha, bila jina la mtu. Vivyo hivyo mtupo ukizuiwa na mpira ukaruka nje.

Mtupo huru wa kwanza kati ya miwili ukikosa hakuna ribaundi, kwa kuwa mpira huo hauwaniwi. Ni wa mwisho tu unaozaa ribaundi. Na anayeusukuma mpira kwa vidole kurudi kikapuni anapata ribaundi ya kushambulia pamoja na mtupo uliojaribiwa, hata usipoingia. Mchezaji mrefu anayebahatisha mara tatu mfululizo chini ya kikapu anaweza kujikuta na OR nzuri na FG mbaya kwa shambulizi lilelile moja.

11. Asisti inahesabiwa vipi? Nilipiga pasi, mwenzangu akadunda mara mbili akafunga.

Hii ndiyo safu yenye hukumu ya mtu ndani yake, na ndiyo maana haina mwisho wa mabishano. Asisti ni pasi inayopeleka moja kwa moja kwenye kikapu. Kudunda si tatizo lenyewe. Kama aliyepokea alikuwa huru na alidunda ili kufika kikapuni tu, pasi yako imefanya kazi. Kama ilibidi amhadae mlinzi ndipo apite, kikapu ni chake peke yake. Aliyepokea chini kabisa ya kikapu na kufunga, mwandishi wa takwimu huwa mkarimu zaidi.

FIBA ina jambo ambalo NBA haina: ukimpa mwenzako pasi, akafanyiwa faulo akitupa, kisha akaingiza angalau mtupo huru mmoja, umepata asisti. Kwa hiyo asisti za mchezaji yuleyule kwenye klabu ya Marekani na kwenye timu ya taifa si kipimo kimoja.

12. Je, kila mpira uliopotezwa una mtu aliyeupora?

Hapana, ila kinyume chake ni kweli: kila ST upande mmoja ina TO upande wa pili. Mtu akitembea na mpira, akikanyaga nje au akifanya faulo akishambulia, ni TO yake bila mporaji, na kwa ile faulo anaandikiwa pia PF. Sekunde 24 zikiisha bila mtupo, TO inapewa timu. Ukiona timu ina TO 20 na wapinzani wana ST 6, kubali kwamba wengi walijimaliza wenyewe.

13. Mtupo ukizuiwa, anayetupa anaandikiwa nini? Na refa akisema kuzuiwa si halali?

Anayetupa anaandikiwa mtupo uliokosa, anayezuia anapata BS. Ukiguswa lakini ukaingia, hakuna BS. Na mlinzi akiugusa mpira ukiwa tayari unashuka kuelekea kikapuni, kikapu kinakubaliwa kana kwamba kiliingia: anayetupa anapata pointi zake na FG iliyoingia, mlinzi hapati kitu.

Hapa watu huuliza pia habari ya tripo dabo. Ni kufikisha kumi au zaidi katika safu tatu kati ya pointi, ribaundi, asisti, mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa. LeBron James wa Marekani alifanya hivyo katika ile nusu fainali dhidi ya Serbia: pointi 16, ribaundi 12, asisti 10. Carlik Jones wa Sudan Kusini naye aliwafanyia Marekani hivyo London, Julai 2024: 15, ribaundi 11, asisti 11, na majirani zetu wakapoteza kwa pointi moja tu, 101–100. Makumi ni tarakimu tu inayopendeza macho. Mwenye 19, 9 na 9 hajacheza vibaya kuliko mwenye 10, 10 na 10.

## Safu mbili zinazoleta ugomvi

14. Hii +/- ni nini?

Ni tofauti ya pointi za timu yake na za wapinzani katika dakika alizokuwa uwanjani. Akiwa ndani timu ikafunga 50 na kufungwa 44, yeye ni +6, awe aligusa mpira au la.

Kuna ukaguzi mdogo unaofurahisha. Kwa kuwa watu watano wako uwanjani wakati wote, jumla ya +/- za timu lazima iwe tofauti ya mwisho mara tano. Februari 2021 kule Yaoundé, mtupo wa mwisho wa Tylor Ongwae uliipa Kenya ushindi wa 74–73 dhidi ya Angola, mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo, na tukarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Timu nzima ya Kenya, ukijumlisha, ni +5. Angola −5. Furaha yote ile, kwenye safu hii, ni tano.

15. Mbona mfungaji wetu bora ana alama ya kutoa?

Kwa sababu +/- haimpimi peke yake. Huenda alicheza dakika zilezile ambazo wapinzani walikuwa na watano wao wakali. Huenda alipumzika robo ya pili, wa benchi wakakimbia na mchezo, akarudi wapinzani wakaamka. Katika mechi moja safu hii ina kelele nyingi. Mashindano mazima ndiyo huanza kusema jambo.

Hata hivyo usiitupe. Mtu akifunga pointi 22 na akawa −15 katika mechi iliyoisha kwa tofauti ndogo, rudi utazame nani alikuwa akimlinda nani. Mara nyingi utakuta anayefunga mbele anaachia nyuma, jambo ambalo halina safu yake kwenye karatasi. Kulinda vizuri bila kugusa mpira hakuandikwi popote.

16. EF inakokotolewaje, na ndiyo inayoonyesha mchezaji bora?

Jumlisha pointi, ribaundi, asisti, mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa. Toa mitupo ya uwanjani iliyokosa, mitupo huru iliyokosa na mipira iliyopotezwa. Kwa mchezaji wetu wa swali la 3: 20 + 6 + 5 + 1 + 0 ni 32, alikosa 8 na 1 na kupoteza 3, jumla 12, EF yake ni 20.

Ni hesabu ya haki kiasi, ila inawapendelea warefu. Ribaundi moja ina thamani sawa na pointi moja, na anayesimama chini ya kikapu huzikusanya bila kutupa sana. Mchezesha-timu anayebeba mpira muda wote ndiye anayepoteza na kukosa. Mlinganishe mrefu na mrefu, mchezeshaji na mchezeshaji. Anayetumia EF kumlinganisha Victor Wembanyama, yule Mfaransa mrefu mno, na mlinzi wa futi sita anatafuta ugomvi tu.

## Faulo, dakika na benchi

17. Mchezaji anatolewa kwa faulo ngapi?

Tano, na zile za kiufundi za mchezaji zinahesabiwa humo. NBA ni sita. Kwa hiyo nyota wa Marekani mwenye faulo tatu kabla ya mapumziko yuko pabaya zaidi kwenye Olimpiki kuliko alivyozoea kwao, na ukiona MIN yake imeshuka ghafla, angalia PF kabla ya kudhani ameumia. Faulo za timu ni hesabu nyingine: kuanzia ya tano katika robo moja, wapinzani wanapewa mitupo huru miwili.

18. DNP (Did Not Play) ni kwamba hakuwepo?

Alikuwepo, amevaa jezi, hakuingia. Sekunde mbili tu uwanjani zingemwandikia dakika na kumwondolea hizo herufi.

19. Pointi za muda wa ziada huingia kwenye takwimu?

Zote huingia. Kila muda wa ziada ni dakika 5. Dakika za timu moja hujumlika 200 katika mechi ya kawaida na 225 baada ya muda wa ziada mmoja. Wanaoniuliza hili mara nyingi wamemwekea mchezaji dau kwenye simu. Sheria za dau ni za kampuni yao, wakasome huko.

## Mambo ya pembeni

20. Mchezaji akijifunga, pointi ni za nani?

Akijifunga kwa bahati mbaya, kikapu ni cha pointi mbili na kinaandikwa kwa jina la nahodha wa wapinzani aliye uwanjani. Nahodha anaweza basi kuwa na pointi mbili ambazo hakuzitupa. Akifanya makusudi, kikapu hakihesabiwi na ni kosa.

21. Tovuti mbili zinanipa asisti tofauti. Niamini ipi?

Ile ya waandaaji wa mashindano, iliyotolewa baada ya mechi. Takwimu za papo hapo huandikwa mbio na hurekebishwa baadaye kwa kutazama video, na tovuti nyingine huchukua nakala ya kwanza zikaishia hapo. Pointi hazitofautiani mara nyingi. Asisti na ribaundi ndizo zinazohama, kwa sababu zilizotajwa kwenye maswali ya 10 na 11.

22. Mechi za kirafiki zinaingia kwenye rekodi?

Hazichanganywi na za mashindano. Nigeria kuifunga Marekani 90–87 jijini Las Vegas Julai 2021 ni jambo lililotokea, na takwimu zake zipo, lakini hutazikuta kwenye wastani wa Olimpiki. Kadhalika ile 101–100 ya Sudan Kusini. Wiki moja baadaye, tarehe 28 Julai 2024, waliifunga Puerto Rico 90–79. Hiyo ndiyo iliyo kwenye vitabu vya Olimpiki.

23. Vipi mchezo wa watatu kwa watatu?

Ni karatasi nyingine kabisa. Kikapu ni pointi 1, cha nje ya mstari ni 2, mechi ni dakika 10 au hadi timu moja ifikishe 21. Pointi 9 za mtu mmoja huko ni nyingi. Usiziweke kwenye jedwali moja na za watano kwa watano, kosa ambalo shule nyingi hufanya zikiandika ripoti za muhula.

24. Naweza kuweka takwimu za timu ya shule bila kompyuta?

Unaweza, kwa daftari la mraba na watu wawili. Ukurasa mmoja kwa kila timu, jina au nambari ya jezi kushoto, safu kulia. Kwa mitupo usichore vijiti: andika 2, 3 au 1 kila mtu anapotupa, na zungushia duara ukiingia. Mwisho wa mechi mstari unaosomeka 2, 2 yenye duara, 3, 1 yenye duara, 1 tayari umekupa FG 1/3, 3P 0/1, FT 1/2 na pointi 3. Mmoja atazame na kutamka, mwingine aandike tu. Akitaka kushangilia, mbadilishe.

Usijaribu safu zote siku ya kwanza. Anza na mitupo, ribaundi na mipira iliyopotezwa. Asisti ziongeze mkishakubaliana kati yenu nini ni asisti. Dakika zinahitaji mtu wa tatu mwenye saa. Kwenye viwanja vya wazi vya Kisumu, upepo wa ziwa mchana hugeuza kurasa mechi ikiendelea, kwa hiyo bana daftari kwenye ubao kwa klipu mbili, juu na chini, na tumia kalamu ya risasi, kwa sababu matone matatu ya mvua yanatosha kuifuta robo nzima iliyoandikwa kwa wino.

Robo ikiisha, kabla wachezaji hawajanywa maji, jumlisha pointi zako uzilinganishe na za meza. Zikipishana, tafuta kosa saa hiyohiyo mkiwa bado mnakumbuka nani alitupa. Mapumziko ya kati ya robo ni dakika mbili, yanatosha kama unajumlisha kila robo peke yake na hukungoja nusu ya mechi.